Tripodi ya Kumzikia Shemeji

Mimi sikusoma. Shule niliiacha darasa la nne nikaingia msituni kupasua mbao, na leo nina studio mbili za picha, moja Mbeya mjini na nyingine Rujewa, na nyumba ya matofali ya kuchoma ambayo ukipita barabarani huwezi kuacha kuiangalia. Nayasema haya mapema ili asije mtu akadhani nimeandikiwa na msomi. Wapo vijana pale mjini wenye vyeti vya picha vimetundikwa ukutani, na wakipata harusi ya watu wazito ni mimi wanayempigia simu: "Bosi, njoo utuokoe." Nakwenda, nawaokoa, nakula pilau yao, narudi zangu.

Lakini ninachotaka kukiandika hapa si harusi.

Mdogo wangu wa kike, tumbo moja na mimi, aliolewa Igowole kule Mufindi, kwa mwanamume mpole mwenye mashamba ya miti na viazi. Shemeji yangu yule alikuwa mtu wa kuongea ukimuuliza. Mvua zilipoanza walivuna viazi, na mdogo wangu akasema safari hii wasiuze kwa walanguzi wa Mafinga, wakodi lori la Fuso walete wenyewe Mbeya, bei iko huku. Wakapanda na mzigo wao. Kwenye mteremko wa kuingia mjini Fuso ikakataa breki. Shemeji alifia palepale. Mdogo wangu walimtoa chini ya magunia akiwa hai, paja limevunjika, nyonga imevunjika, akalazwa chali, mguu umefungwa kamba na kuning'inizwa juu na vyuma vya kuuvuta.

Wanaume wa ukweni walikuja kuchukua mwili. Kabla ya kuondoka waliingia wodini, wakasimama kuzunguka kitanda chake na kofia mikononi. Mmoja akasema, "Pole, shemeji." Mwingine akasema, "Mungu yupo." Wakatoka. Watu wa kule hawana maneno mengi, ndivyo walivyo, hata kwenye sherehe wanaweza kukaa na pombe yao kimya kama wako kanisani. Lakini mdogo wangu aliubeba ukimya ule vibaya.

"Kaka."

"Naam."

"Umeona walivyonyamaza?"

"Msiba huo, mdogo wangu. Ulitaka waimbe?"

"Safari ilikuwa yangu. Yeye alitaka kuuzia Mafinga. Watamzika kama mbwa kwa hasira waliyo nayo juu yangu."

"Usiseme hivyo. Wale ni watu."

"Basi nataka nione. Daktari amekataa nitolewe hapa, nimemlilia amekataa. Wewe nenda ukanishutie. Nataka nimwone anavyozikwa, nione amezikwa na nani."

Nikamwambia nitakwenda, na nikirudi nitamhadithia kila kitu, hata wimbo walioimba.

"Sitaki kuhadithiwa," alisema. "Wewe ukihadithia, kuku anakuwa ng'ombe. Nataka nione kwa macho yangu. Na isitikisike."

Hilo la kutotikisika nilimwelewa bila kuuliza. Siku ya ajali watu walitoa simu kabla ya kutoa mikono. Mtu mmoja asiye na akili alimwonyesha mdogo wangu ile video pale pale kitandani. Inakimbia huku, inakimbia kule, miguu ya mumewe inaonekana, halafu magunia, halafu anga, halafu miguu tena. Tangu siku hiyo akiona picha inayoyumba anatapika.

"Na udongo," akaongeza. "Udongo wa mke unitupie wewe. Nikuone ukiutupa."

Hapo ndipo kazi ilipokuwa. Mtu hawezi kuwa kaburini akitupa udongo na wakati huohuo yuko nyuma ya kamera. Na kamera yangu mimi haishikwi na mtu. Nimeona kamera zilizoshikishwa mashemeji kwenye misiba: unakuta nusu saa umeshutiwa mgongo wa mchungaji. Kwa hiyo kamera ilitakiwa isimame peke yake, juu ya kilima cha Mufindi, kwenye upepo na mvua, itazame kaburi bila mimi kuwepo. Tripodi niliyokuwa nayo, ile miguu mitatu ya kusimamishia kamera, ilikuwa ya ukumbini, ya sakafu ya vigae. Nje ilikuwa inatetemeka hata spika zikipigwa.

Nikaenda Mwanjelwa, kwenye duka la vifaa vya picha, nikiwa na kamera yangu begani, ile nzito. Mtu anayenunua tripodi bila kwenda na kamera yake ni sawa na anayenunua viatu kwa kumtajia mwenye duka umri wake. Muuzaji alikuwa kijana mwenye ndevu zilizochongwa kama kwa rula.

"Karibu, mzee wangu. Hii hapa, kaboni, nyepesi kama unyoya. Vijana wote wa mjini wanachukua hii."

"Wanashuti nini?"

"Maudhui, mzee. Ya mtandaoni."

"Mimi nakwenda kushuti kaburi."

Akaishusha ile ya kaboni taratibu. "Pole, mzee. La nani?"

"La shemeji yangu. Niambie, upepo ukija hii itafanya nini?"

Nikamjibia mwenyewe. Wepesi ni rafiki wa mbebaji, ila upepo nao ni mbebaji. Nikaifungua miguu, nikaweka kamera, nikaugonga mguu mmoja kwa kidole na kuangalia kwenye kioo cha kamera. Picha ilitetemeka muda mrefu kama mgonjwa wa homa. Nikairudisha.

Ya pili miguu yake ilikuwa ya vipande vinne kila mmoja, na vibano vyake vya kuzungusha. Nikaikataa kabla hajamaliza kuifungua. Kila kiungo ni mahali pa kulegea; nilipasua mbao miaka, najua, jukwaa la kupasulia halianguki katikati ya gogo, linaanguka kwenye maungio. Tena cha kuzungusha, mkono ukiwa na tope, hujui umekaza au umejidanganya. Mimi nataka kibano cha kukunja kwa kidole gumba, unasikia "ta", unajua kimeshika. Ya tatu ilikuwa jitu, ya kufanyia kazi makanisa makubwa. Ilisimama kama nguzo ya umeme. Lakini gari langu, na gari ninalo, nilijua halitafika makaburini kwa mvua ile. Ingebidi nipande kilima kwa miguu, na lile jitu lingetaka wabebaji wake kama jeneza.

"Mzee," kijana akaniambia, duka lake lote limejaa miguu iliyotanuliwa, "unanunua tripodi au unaoa?"

"Mke nilimchagua haraka zaidi ya hapa."

Akacheka, mimi sikucheka, akaacha.

Tukapata moja ya aluminiamu nene, vipande vitatu, vibano vya kukunja, haina ile nguzo ya katikati ya kupandisha juu, ambayo ni ulevi mtupu, unasimamisha fimbo moja juu ya miguu mitatu halafu unashangaa inayumba. Chini ilikuwa na misumari ya kuchoma ardhini, na katikati ndoano ya kutundikia uzito. Ikikunjwa inaingia begani kama bunduki. Nikaiegemea kwa uzito wangu wote, na mimi si mwembamba. Haikulalamika.

Kikabaki kichwa, pale kamera inapokaa. Watu wengi hutoa macho kwenye miguu, kichwa wanachukua chochote. Kijana alinipa kichwa cha gololi, kile kinachozunguka kila upande. Kizuri kwa picha za mnato, nikamwambia, ila mimi nataka kitakachonitii nikiwa mbali. Akaleta cha video, chenye mafuta mazito ndani, na mkono wa kusukumia. Nikakifungia kamera, nikaielekeza kwenye msumari uliokuwa ukutani, nikakaza, nikaachia, nikakaa kwenye kiti kuutazama ule msumari. Kichwa kibovu ukikiachia kinainama kidogo kidogo, kama mzee anayesinzia ibadani. Hukioni kikiinama, unaona tu baadaye kwamba mbingu imepungua. Cha kwanza kiliinama. Cha pili kiliinama. Cha tatu, ule msumari ulikaa pale pale hadi kijana akaniuliza kama naumwa. Tena ukikisukuma kinageuka laini kama mtindi, na chini kina kikombe, unalegeza, unakilaza mpaka kale katone ka pimamaji kakae katikati, hata kama miguu iko mlimani. Bei sitaitaja. Nililipa bila kuomba kupunguziwa, na mtu anayenijua ataelewa maana yake.

Gari lilinasa kwenye tope kabla ya kijiji, kama nilivyojua. Nikaliacha, nikapanda kwa miguu, tripodi begani, kamera kifuani ndani ya nailoni. Ukungu ulikuwa umekaa juu ya misonobari, na mvua nyembamba, ile isiyoanza wala kuisha. Ibada ilikuwa inaendelea nyumbani, jeneza limefungwa kwa sababu ya hali ya mwili. Sikuingia. Nilichotumwa ni kaburi, nikaenda moja kwa moja makaburini.

Wachimbaji walikuwa wanamalizia, baba mdogo wa marehemu amesimama juu yao.

"Kamwene," nikamsalimia.

"Kamwene. Mgonjwa anaendeleaje?"

"Yupo. Amenituma nimtupie udongo, na nimshutie aone."

Akaitikia kwa kichwa. Kwake hiyo ilikuwa hotuba.

Kaburi lilikuwa kwenye mteremko. Nikasimika juu yake, miguu miwili bondeni, mmoja mlimani, nikaikanyagia misumari mpaka ikazama. Kilichobaki kilikuwa uzito wa kutundika kwenye ndoano. Nikaokota mawe yaliyotoka shimoni, nikaanza kuyatia kwenye mfuko wa salfeti.

"Shemeji," baba mdogo akasema nyuma yangu. "Hayo ni ya kwake. Yanarudi naye."

"Nayaazima tu, baba. Yatarudi."

"Vya kaburini haviazimwi."

Mchimbaji mmoja, kutoka ndani ya shimo, akasema, "Mwachie, baba, labda anataka yamfuate nyumbani." Wenzake wakaguna kicheko. Nikayamwaga. Nikachukua dumu la maji lililoletwa kwa ajili ya saruji, nikalitundika limejaa. Tripodi ikakaa chini kama ng'ombe aliyeamua kulala. Nikaisukuma kwa bega, nikasukumika mimi.

Kisha walikuja. Sitaki kutia chumvi hapa, na ndiyo maana naandika polepole. Walikuja wengi. Mstari ulitoka nyumbani, ukapita kwenye mashamba ya chai, ukapanda, na jeneza lilipofika kwangu mwisho wa mstari ulikuwa bado haujatoka nyumbani. Kwaya ya kanisa, kina mama wa jumuiya, wapasua mbao aliofanya nao kazi, watu wa vijiji ambavyo sivijui. Wakaanza kusogea ukingoni kama desturi, bega kwa bega, miavuli imepandana, na kwenye kioo cha kamera nikaona migongo mitupu.

Nikapanda juu ya kichuguu nikapaza sauti. "Ndugu zangu, poleni. Mke wa marehemu amelazwa, hawezi kufika. Kamera hii ndiyo macho yake leo. Naomba asisimame mtu mbele yake."

Wakatazamana. Mama wa marehemu alikuwa ameshikwa na wanawake wawili, hatua moja kutoka shimoni. Akainua uso akaniuliza, "Mwanangu, inaona mpaka wapi?"

Nikamwonyesha kwa mkono: kutoka jiwe lile mpaka kwenye msonobari ule.

Akawageukia watu. "Jamani, rudini nyuma. Mwacheni mwanangu aone." Na yeye mwenyewe akawa wa kwanza, akapanda kilima kwa kushikwa, akapita pembeni yangu, akaenda kusimama nyuma ya kamera. Watu wote wakamfuata. Kwaya wakaimbia nyuma. Walibaki wanaume wa kushusha jeneza na mchungaji. Sijawahi kuona umati unatii hivyo, hata bwana harusi hawamtii hivyo.

Nikakaza kichwa, nikawasha, nikaiacha.

Upepo mkali zaidi ulikuja wakati jeneza liko kwenye kamba. Misonobari iliinama yote upande mmoja, miavuli ikapinduka, mchungaji akashika joho lake kwa mikono miwili. Nikageuka kuitazama tripodi. Dumu liliyumba kidogo, miguu haikuyumba. Ndipo mvua kubwa ikaanza, maji yakaanza kuingia kaburini, mchungaji akasema udongo atupe mmoja kwa niaba ya wote. Nikadhani atakuwa mama. Kutoka kule nyuma mama akasema, "Wa mke wake utatutosha sote."

Nikashuka. Nikashika udongo, ukaninata kiganjani. Nikautupa, ukagonga mbao. Nikainua uso nikaitazama kamera ili mdogo wangu anione ni mimi. Kisha nikapanda mbio kuifunika isiingie maji, maana mvua sasa ilikuwa haina utani, na wanaume wakafukia kwa haraka.

Kesho yake nilikuwa wodini. Nikamwinulia mdogo wangu kompyuta ndogo juu ya meza ya chakula. Mama wa kitanda cha jirani, aliyekuwa haachi kuongea, akajiinua kwa kiwiko naye atazame.

Naisema kazi yangu kama ilivyo: sijawahi kutoa picha iliyotulia vile. Ungeweza kuweka kikombe cha chai juu yake. Kaburi, jeneza, kamba, ukungu. Mdogo wangu hakutapika. Alitazama hadi mwisho, akaniona nikitupa udongo, machozi yakamtiririkia masikioni kwa kuwa alikuwa amelala chali.

"Imetulia," alisema.

"Si nilikwambia?"

"Kaka, watu walikuwa wapi?"

"Nyuma ya kamera."

"Wote?"

"Wote. Kilima kizima."

Akaomba nirudishe mwanzo. Nikarudisha. Sasa na mimi nikaona anachokiona yeye. Wanaume wa kamba, mchungaji, mimi. Majani yaliyolowa, na shimo.

"Mama mkwe?"

"Alikuwepo. Ndiye aliyewaambia watu warudi nyuma ili uone. Alisema, mwacheni mwanangu aone."

"Alisema mwanangu?"

"Kwa mdomo wake."

"Niwekee sauti tuisikie."

Niliongeza sauti mpaka mwisho. Ulikuwa upepo. Tangu dakika ya kwanza upepo umeingia kwenye maiki na kukaa humo. Kwaya haisikiki, mchungaji hasikiki, wala udongo ulipogonga jeneza hausikiki. Na maneno ya mama yalisemwa kabla sijawasha.

"Hiki chombo ulichonunua," alisema polepole, "hakigeuki?"

"Kinageuka. Laini kabisa."

"Mbona hukukigeuza ukatuonyesha na watu?"

"Nilikuwa kaburini, mdogo wangu. Nakutupia udongo."

Nikatoa simu, nikamwambia naipiga sasa hivi kwa mama mkwe wake, amwambie mwenyewe. Akanizuia mkono. "Atasema alikuwepo. Utafiwa na mwanao useme hukwenda kumzika?"

Nikarudisha video tena, nikamwonyesha pembeni kabisa, juu, pale upepo uliposukuma kitu cheusi kikaingia kidogo kwenye picha kikatoka. "Unaona hapo? Mwavuli. Wa watu waliokuwa nyuma."

Akautazama. Akataka nirudie, nikarudia.

"Mwavuli mmoja," alisema.

Nikamwambia mwavuli ule ulikuwa na mtu aliyeushika, na nyuma ya mtu yule kulikuwa na mwingine, na mwingine, mpaka kwenye chai, mpaka nyumbani. Nikamwambia mstari haukuwa na mwisho. Nikajisikia ninavyoongea, nikajua ndivyo ninavyoongea siku zote.

"Haya, kaka," alisema. Alitaka kunipa mgongo, ila mguu ulikuwa umefungwa kamba, akageuza kichwa tu.